Taka za mji unaokua na mahali pa kuweka dampo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mji ukiwa mdogo, kila nyumba ina shimo lake nyuma ya jiko. Ukikua, mashimo yanajaa, viwanja vinabana, na taka zinaanza kujitafutia mahali zenyewe: mtaroni, korongoni, kando ya barabara. Hapo ndipo mikutano inaanza, na maswali ni yaleyale kila mara. Tumeyapanga kuanzia mepesi hadi yale yanayozua ugomvi. Jibu likigusa swali jingine, tumetaja namba yake.

## Mambo ya msingi

1. Taka ngumu ni zipi, na mji hutoa kiasi gani?

Ni mabaki ya vyakula, majani, karatasi, plastiki, vyuma, vioo, nguo chakavu, majivu, vifusi na kila kitu kisicho cha kumiminika ambacho mwenyewe hakitaki tena. Tope la vyoo lina mfumo wake, ingawa likishakaushwa mara nyingi huishia dampo hilohilo.

Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya mwaka 2018, ilikadiria kuwa binadamu mmoja hutoa wastani wa kilo 0.74 kwa siku. Dunia nzima ilitoa tani bilioni 2.01 mwaka 2016, na inatarajiwa kufikia tani bilioni 3.40 mwaka 2050. Lakini usipange mji wako kwa wastani wa dunia. Ripoti hiyohiyo inaonyesha nchi zikitofautiana kutoka kilo 0.11 hadi kilo 4.54 kwa mtu kwa siku. Katika nchi za kipato cha chini zaidi ya nusu ya taka huwa ni vyakula na majani, yaani vitu vyenye maji mengi na uzito mkubwa. Kabla ya kununua lori hata moja, pimeni taka zenu kwa wiki nzima wakati wa kiangazi, kisha mrudie wakati wa mvua. Kazi hiyo inahitaji mizani, turubai, glavu na watu wachache, na itawaepusha na makosa ya miaka 20.

2. Jalala na dampo la kisasa vina tofauti gani? Si vyote ni kumwaga taka?

Jalala ni mahali watu wanapomwaga na kuondoka. Hatua ya pili ni dampo linalodhibitiwa: lina uzio, mlinzi, rejista ya magari, taka zinamwagwa sehemu moja kwa zamu, zinashindiliwa na kufukiwa udongo. Dampo la kisasa linaongeza kile ambacho jicho halikioni: tandiko la chini la udongo wa mfinyanzi na plastiki nene, mabomba ya kukusanya maji machafu yanayochuruzika, mabomba ya gesi, visima vya uangalizi pembeni, na mpango wa kulifunga ulioandikwa kabla halijafunguliwa.

Tofauti kubwa zaidi, hata hivyo, iko kwenye uendeshaji. Dampo la kisasa likikosa mafuta ya tingatinga na udongo wa kufukia, linarudi kuwa jalala haraka kuliko lilivyojengwa. Mkionyeshwa michoro mizuri, ulizeni bajeti ya mwaka wa tano.

3. Kwa nini tusichome tu, tukamaliza?

Moto wa jalalani hauna joto la kutosha wala hewa ya kutosha, kwa hiyo taka haziungui vizuri. Plastiki, hasa ile yenye klorini, hutoa dioksini, sumu zilizomo kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 kwa sababu hukaa muda mrefu mwilini na kwenye mazingira. Moshi huo unaingia kwanza kwa mtoto wa nyumba ya jirani.

Tanuri kubwa la kisasa ni habari nyingine, lakini lina masharti. Taka zinapaswa kuwa na nishati ya wastani wa megajuli 7 kwa kilo ili ziwake zenyewe bila kuongezewa mafuta. Taka zenye zaidi ya nusu ya mabaki ya vyakula mara nyingi hazifiki hapo, kwani moto unatumika kukausha maji. Na majivu yanabaki, mengine yakiwa na metali zenye sumu, nayo yanahitaji dampo.

4. Tukirejeleza kila kitu, bado tutahitaji dampo?

Ndiyo. Kijiji cha Kamikatsu nchini Japani, chenye watu wasiozidi 1,500 hivi, kilitangaza mwaka 2003 kuwa kinalenga kuacha kuzalisha taka za kutupwa. Wakazi wake hutenganisha taka kwa makundi yapatayo 45, na hufanikiwa kurejeleza takribani asilimia 80. Hata wao hubakiwa na sehemu ya tano. Urejelezaji hupunguza ukubwa wa dampo na, muhimu zaidi, hubadilisha kinachoingia ndani yake. Dampo lisilopokea vitu vinavyooza halinuki sana, halitoi gesi nyingi, na maji yake si makali. Ndiyo maana kutenganisha taka jikoni na kuchagua eneo la dampo ni jambo moja lenye ncha mbili.

## Kukusanya na kutenganisha

5. Kwa nini lori la taka halifiki mtaani kwetu?

Mara nyingi kwa sababu haliwezi kupita. Mitaa iliyojengwa bila mpango haiingiliki kwa lori la tani 7, na hakuna ratiba itakayoipanua. Kinachofaa ni hatua mbili: mikokoteni, matoroli na pikipiki za magurudumu matatu zikusanye mlangoni na kupeleka kwenye kizimba au kontena, kisha lori lichukue hapo. Kizimba kisipozolewa kwa wakati, kinageuka jalala la mtaa na watu wana haki ya kukikataa. Taka zisizozolewa haziishii hapo zilipo: mvua ya kwanza huzipeleka mitaroni, na kwa mafuriko yanayofuata hulaumiwa mbingu.

6. Nikitenganisha taka nyumbani, lori linazichanganya tena. Kuna maana gani?

Hasira hiyo ni ya haki, na ndiyo inayoua mipango mingi ya utenganishaji. Kumwomba mwananchi ndoo mbili wakati mji una safari moja ni kumpotezea muda. Njia nafuu ni kutenganisha siku: siku fulani tunachukua zinazooza, siku nyingine tunachukua kavu. Anzeni na makundi hayo mawili tu, mbichi na kavu. Makundi sita yanapendeza kwenye bango, lakini yanachosha watu kabla hawajazoea.

Na msianze na nyumba elfu kumi. Anzeni na masoko, hoteli na mashule, ambako taka zinazooza zinatoka kwa wingi mahali pamoja.

7. Mboji inatengenezwaje, na kwa nini miradi mingi hufa?

Lundo lina mahitaji manne: mchanganyiko wa vitu vikavu na vibichi (kaboni sehemu 25 hadi 30 kwa nitrojeni sehemu 1), unyevu wa asilimia 50 hadi 60, hewa kwa kugeuzwa, na joto la angalau nyuzi 55 za Selsiasi kwa siku kadhaa ili kuua vijidudu na mbegu za magugu. Hakuna siri zaidi ya hiyo.

Miradi hufa kwa sababu ya vipande vya chupa. Mkulima akikatwa kidole mara moja, harudi. Mboji iliyotokana na taka zilizochanganywa, hata ikichekechwa namna gani, hubaki na vioo, plastiki na metali. Kwa hiyo jibu linarudi kwenye swali la 6. Njia nyingine inayoenea ni kuwalisha mabaki funza wa nzi askari mweusi, ambao hukaushwa na kuwa chakula cha kuku na samaki. Nao wanahitaji mabaki safi.

## Kuchagua eneo

8. Eneo linachaguliwaje, na nani anaamua?

Kazi inayofanywa vizuri huanza na ramani ya kukataa. Mnaondoa kwanza mabonde yanayofurika, ardhi oevu, vyanzo vya maji, hifadhi, miteremko mikali, miamba ya chokaa yenye mapango, njia za ndege, na makazi pamoja na upande ambao mji unaelekea kukua. Kinachobaki ndicho cha kujadili. Hapo mnapata maeneo matatu au manne, mnayapa alama kwa udongo, umbali, barabara, umiliki wa ardhi na upepo. Halafu mnachimba, kwa sababu ramani haijui kilichopo mita 10 chini. Tathmini ya athari kwa mazingira hufuata, na mkutano wa hadhara.

Sheria ya kila nchi inasema nani atie saini ya mwisho. Sisi tunasisitiza jambo moja: vigezo vitangazwe kabla ya majina ya maeneo kujulikana. Vigezo vikitungwa baada ya eneo kupatikana, vitalifaa eneo hilo kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo, na kila mtu mkutanoni atajua.

9. Dampo liwe umbali gani kutoka nyumba, visima na uwanja wa ndege?

Kwa ndege, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga linapendekeza kilomita 13, kwa kuwa ndege hai wanaofuata taka huingia kwenye injini. Kanuni za Marekani huanzia takribani kilomita 3 kwa viwanja vya ndege za jeti. Kanuni hizo pia hutaka umbali wa mita 60 kutoka kwenye ufa hai wa tetemeko, na masharti makali panapofikiwa na mafuriko makubwa ya mara moja katika miaka 100.

Kwa nyumba na visima, nchi zinatofautiana sana, nyingi zikianzia mita mia kadhaa. Lakini tunawasihi msishikilie namba peke yake. Maji ya ardhini yana mwelekeo wake. Kisima kilicho mita 300 upande yanakotoka maji kinaweza kuwa salama kuliko kilicho kilomita 1 upande yanakoelekea. Swali la kumbana nalo mtaalamu ni hili: maji ya chini hapa yanakwenda wapi, na nani anayanywa huko? Upepo nao uulizwe hivyo hivyo, hasa wa alfajiri na jioni, wakati harufu inatambaa chini.

10. Tuna korongo na machimbo ya zamani yaliyoachwa. Si yafukiwe kwa taka?

Hili ndilo swali linalopendwa kuliko yote, na mara nyingi jibu ni hapana.

Korongo ni njia ya maji. Hata likionekana kavu miezi minane, maji yaliyolichimba yatarudi. Taka zilizojazwa korongoni huloweshwa kutoka juu na chini, na maji machafu hutokea upande wa pili, kwa watu wasioalikwa kwenye mkutano. Machimbo ya mawe yana tatizo jingine: baruti zimeshapasua mwamba, na mara nyingi wachimbaji waliacha kazi walipokutana na maji. Kumwaga taka hapo ni kuzitia kisimani.

Machimbo ya udongo wa matofali au vigae ni tofauti kidogo. Sakafu yake tayari ni mfinyanzi, na yakipimwa yanaweza kufaa. Kwa hiyo tusikatae shimo kwa kuwa ni shimo. Tulikatae kwa kile kilichopo chini yake.

11. Tunahitaji ardhi kiasi gani?

Tufanye hesabu. Chukua mji wa watu 100,000, kila mmoja anatoa nusu kilo kwa siku. Hizo ni tani 50 kwa siku, au tani 18,250 kwa mwaka. Mji ukikua kwa asilimia 5 kila mwaka, taka za miaka 20 zitakuwa kama tani 603,000. Tuseme asilimia 70 zinafika dampo: tani 422,000. Zikishindiliwa vizuri hadi kilo 700 kwa mita moja ya ujazo, zinahitaji nafasi ya mita za ujazo 603,000. Ongeza moja ya tano kwa udongo wa kufukia, unapata takribani 724,000. Kwa kina cha wastani cha mita 10, hizo ni hekta 7 na kidogo. Barabara, mabwawa, ofisi na ukanda wa kinga hufanya hekta 15 ziwe za kawaida.

Sasa ondoeni theluthi moja ya taka kwa mboji na urejelezaji. Wengi hudhani maisha ya dampo yataongezeka kwa nusu, kutoka miaka 20 hadi 30. Hapana. Yataongezeka hadi miaka 25 au 26 hivi, kwa sababu ukuaji wa mji unakula ushindi wenu. Kutenganisha kunafaa sana, ila kuanze mapema na kuongezeke kila mwaka. Usishindilie taka, na mambo yanageuka kinyume: kwa kilo 350 kwa mita ya ujazo, taka zilezile zinakula nafasi mara mbili.

12. Basi lipelekwe mbali kabisa na watu. Kuna ubaya gani?

Umbali unalipwa kila siku. Lori linatumia kama saa moja na nusu kujaza mtaani na dakika 20 kumwaga. Dampo likiwa kilomita 8, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, lori linafanya safari tatu kwa siku ya kazi. Likiwa kilomita 30, linafanya mbili. Mji wa mfano wetu unaopeleka tani 35 kwa siku kwa malori ya tani 7 utahitaji malori matatu badala ya mawili, dereva wa ziada, na mafuta karibu mara nne. Fedha zikipungua, dereva humwaga njiani gizani. Dampo la mbali mno huzaa majalala madogo kando ya barabara yake.

Umbali ukiwa lazima, jengeni kituo cha kuhamishia taka ambako magari madogo yanamwaga kwenye trela kubwa. Kwa kawaida huanza kulipa pale safari inapozidi kilomita 20 au 25.

13. Tutajuaje kama udongo unafaa?

Mfinyanzi mzuri ulioshindiliwa unapaswa kupitisha maji kwa kasi isiyozidi sehemu moja ya bilioni ya mita kwa sekunde. Namba hiyo haimwambii mtu kitu mpaka uigeuze: ni kama sentimita 3 kwa mwaka. Mchanga safi hupitisha mita kadhaa kwa siku. Hiyo ndiyo tofauti kati ya tatizo la wajukuu na tatizo la wiki ijayo.

Kanuni za Marekani za mwaka 1991 hutaka sentimita 60 za mfinyanzi ulioshindiliwa na juu yake plastiki, kwa kawaida ya unene wa milimita 1.5. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 1999, hutaka kinga ya chini inayolingana na mita 1 ya udongo wa aina hiyo kwa taka za kawaida. Udongo mweusi wa mbuga huonekana kama mfinyanzi kamili ukiwa na unyevu, lakini kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Usiaminiwe bila kuchanganywa na kulindwa dhidi ya jua.

Kina cha maji ya ardhini kipimwe mwishoni mwa msimu wa mvua. Atakayewaletea vipimo vya kiangazi peke yake, mrudisheni.

14. Kwa nini dampo huletwa kwetu siku zote na si kwa matajiri?

Kwa sababu ardhi ya maskini ni rahisi, na sauti yao haifiki mbali. Swali hili lina historia. Mwaka 1982, wakazi wa Warren County katika jimbo la North Carolina, Marekani, wengi wao weusi, walilala barabarani kuzuia malori yaliyoleta udongo wenye PCB, kemikali ya viwandani yenye sumu. Zaidi ya watu 500 walikamatwa. Dampo lilijengwa, lakini kutoka hapo lilikua vuguvugu la kudai haki ya mazingira.

Hatusemi kila dampo likataliwe. Lazima liwe mahali fulani. Tunasema jirani wa dampo anafanya kazi kwa niaba ya mji mzima na alipwe kwa hadhi hiyo. Daini kwa maandishi: fidia kabla ya ujenzi, maji ya bomba badala ya visima, barabara ya lami inayozunguka makazi badala ya kupita katikati, tarehe ya kufunga, na kamati ya wakazi yenye ruhusa ya kuingia siku yoyote bila taarifa. Ruhusa hiyo ya mwisho hunyimwa zaidi, nayo ndiyo yenye thamani kubwa.

## Kuishi jirani na dampo

15. Maji meusi yanayotoka kwenye taka ni nini, na yanazuilika?

Ni mvua iliyopita kwenye taka ikabeba amonia, chumvi, metali na uozo. Hekta moja ikinyeshewa milimita 1,000 kwa mwaka inapokea mita za ujazo 10,000 za maji. Hata theluthi tu ikizama ndani, una zaidi ya lita milioni 3 za kutibu. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kuyazuia maji kabla hayajachafuka: mitaro ya kukinga maji ya mlimani, eneo dogo la kumwagia, na udongo wa angalau sentimita 15 juu ya taka kila jioni. Yanayopita yakusanywe kwa mabomba, yasizidi kina cha sentimita 30 juu ya tandiko, yapelekwe mabwawani kutibiwa.

Majirani, visima vyenu vipimwe kabla dampo halijafunguliwa. Bila kipimo hicho, kloridi na amonia zikipanda baadaye mtaambiwa zilikuwepo tangu zamani.

16. Je, dampo linaweza kulipuka?

Taka zinazooza bila hewa hutoa gesi ambayo karibu nusu yake ni methani. Methani ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, cheche moja inatosha. Mwaka 1986, katika kijiji cha Loscoe nchini Uingereza, gesi ya dampo lililokwisha fukiwa ilisafiri chini ya ardhi ikalipua nyumba. Ndiyo sababu hatupendi nyumba ukingoni, hata dampo likiwa limefungwa (tazama 23 na 24). Gesi hutolewa kwa mabomba na kuchomwa, au kuzalisha umeme likiwa dampo kubwa. Kuichoma si ubadhirifu: kwa muda wa miaka 100, methani hupasha dunia joto takribani mara 28 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule.

17. Mlima wa taka unaweza kuporomoka?

Unaweza, na umeua. Leuwigajah nchini Indonesia, Februari 2005, baada ya mvua kubwa: zaidi ya watu 140. Koshe, Addis Ababa, Machi 2017: zaidi ya 110. Kiteezi, Kampala, Agosti 2024: zaidi ya 30. Wengi wa waliokufa walikuwa wakiishi au kufanya kazi chini ya mteremko.

Taka zilizolowa zina uzito mkubwa na hushikana vibaya. Mteremko usizidi kimo 1 kwa upana 3, ukatwe kwa hatua kama ngazi, na maji yaondolewe ndani. Mkiona nyufa ndefu juu, sehemu ya chini ikivimba, au maji meusi yakitoka mahali papya, ondoeni watu kwanza, ripoti iandikwe baadaye.

18. Waokota taka wafukuzwe dampo jipya likifunguliwa?

Wakifukuzwa, watarudi usiku bila buti wala taa. Watu hawa ndio mfumo wa urejelezaji ambao mji haukuwahi kuulipia. Huko Pune, India, ushirika wao uliingia makubaliano na halmashauri ya jiji mwaka 2008 kukusanya taka mlangoni na kutoza ada. Wapewe sehemu ya kuchambua yenye paa, maji na vifaa, mbali na tingatinga, au wahamie mtaani ambako vitu bado ni safi. Watoto wasiwepo dampo kabisa.

## Hali za pekee

19. Taka za hospitali zinaweza kwenda dampo?

Nyingi ndiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 85 ya taka za huduma za afya ni za kawaida kama za nyumbani. Asilimia 15 ndizo hatari. Shida ni kuchanganya: sindano moja huligeuza gunia zima kuwa hatari. Zitenganishwe wodini, zile hatari ziuliwe vijidudu kwa mvuke au zichomwe kwenye tanuri linalofaa, na kinachobaki kifukiwe kwenye kitalu chake.

20. Betri, taa na simu mbovu?

Zisiingie. Betri za magari zina risasi na asidi, taa za mirija zina zebaki, na betri za lithiamu huwasha moto ndani ya malori. Wekeni siku maalumu za kuzipokea.

21. Dampo linafuka moshi kutoka ndani. Tumwage maji?

Maji mengi hayaufikii moto, huongeza maji meusi na hulegeza mteremko (tazama 17). Moto wa chini unaishi kwa hewa, kwa hiyo unyimwe hewa: funika nyufa kwa udongo, tenga sehemu inayoungua kwa mtaro, na ichimbuliwe kidogo kidogo na kupozwa kwa udongo au maji ya kiasi. Mtu asitembee juu yake. Chini panaweza kuwa pango la makaa.

22. Mji wetu hauna fedha za tandiko la plastiki. Tufanye nini?

Kuna njia ya katikati. Miaka ya 1970, Chuo Kikuu cha Fukuoka na Jiji la Fukuoka, Japani, walibuni dampo lenye bomba kubwa la matundu sakafuni, limezungushiwa mawe, mdomo wake ukiwa wazi. Maji meusi hutoka haraka na hewa huingia kwa kuvutwa na joto la taka zenyewe. Taka huoza kwa hewa, maji hupungua ukali, methani hupungua. Njia hii imetumika pia Samoa kurekebisha jalala la zamani.

Hata kabla ya hapo, kuna mambo ya wiki moja: geti, rejista, sehemu moja ya kumwagia, mtaro wa kukinga mvua, marufuku ya moto, udongo wa kufukia. Hayahitaji mkopo.

23. Watu wamejenga hadi ukingoni mwa dampo. Nani alitangulia?

Karibu kila mara dampo lilitangulia, kisha barabara yake ikavuta viwanja. Lakini anayestahili kulaumiwa si mjenzi peke yake. Ni aliyeacha ukanda wa kinga ukiwa mstari kwenye karatasi. Ukanda upandwe miti, uwekewe mawe ya mpaka na uandikwe kwenye hati za ardhi siku dampo linapoidhinishwa. Kwa waliokwisha kujenga, anzeni na vipimo vya gesi ndani ya nyumba na vya maji visimani; nyumba zenye gesi zihamishwe kwa fidia, zingine baadaye.

24. Likijaa, tunaweza kugawa viwanja juu yake?

Viwanja vya nyumba, hapana. Taka huendelea kuoza na kushuka kwa miongo, sakafu hupasuka, na gesi huingia kwenye nyufa hizo. Kanuni za Marekani hutaka uangalizi wa miaka 30 baada ya kufunga. Nyasi, uwanja wa wazi au paneli za jua vinawezekana, kukiwa na kifuniko cha udongo na mabomba ya gesi yanayofanya kazi.

Fresh Kills mjini New York lilifunguliwa mwaka 1948 kama dampo la muda. Lilipokea taka hadi mwaka 2001, na kazi ya kuligeuza kuwa bustani ya umma bado inaendelea sehemu kwa sehemu. Mkiambiwa mkutanoni kwamba eneo ni la muda tu, ombeni tarehe ya kufunga iandikwe kwenye muhtasari, na iandikwe palepale nani atakayelipia miaka 30 inayofuata.